Kamioneti ya Sylvestre na Marehemu Aliyekataa

Mtaani Ngezi, mjini Bunia, nyumba ya Sylvestre Unega ilitambulikana kwa kamioneti iliyoegeshwa mbele yake, pua ikitazama bondeni. Mgeni angedhani ni madaha. Wenyeji walijua kwamba betri ilikuwa imekufa zamani, na kwamba bila mteremko ule Sylvestre asingefika hata sokoni. Alikuwa amekataa kiwanja kizuri karibu na kisima kwa sababu kilikuwa tambarare. Mtu anachagua mahali pa kulaza watoto wake kwa kufuata betri ya gari, kisha anataka aitwe Patron, yaani bwana mkubwa.

Na kweli aliitwa Patron. Katika miaka ya sabini, serikali ilipowanyang'anya wafanyabiashara wa kigeni mali zao na kuwagawia wananchi, Sylvestre alikuwa dereva wa Mgiriki mmoja mwenye duka. Alivaa tai, akaenda kusimama mlangoni pa ofisi pamoja na wengine wenye njaa ya duka. Duka lilimwendea mtu mwenye shemeji huko Kinshasa. Sylvestre akaambulia kamioneti ile ile aliyokuwa akiiendesha kwa mshahara. Toka siku hiyo aliacha kuwasalimu madereva. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kukataza majina ya ubatizo, na kwenye karatasi alikuwa Citoyen Unega, yaani Mwananchi Unega, jambo lililozidi kumvimbisha kichwa. Mkewe Marcelline hakujisumbua na amri hizo. Alimwita Baba Eugène, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na akikasirika alimwita Sylvestre.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kamioneti ilikuwa imebaki gari kwa jina tu. Tangi lilivuja, Sylvestre akaliziba kwa sabuni. Breki zilikunywa maji ya sabuni badala ya mafuta yake. Mlango wa upande wa abiria ulifungwa kwa mpira wa baiskeli, na abiria akitaka kushuka ilimbidi aombe ruhusa kama mtoto wa shule. Kila kitu kilichoharibika kilipata dawa ya bure, na kila dawa ilisifiwa na mwenyewe mbele ya majirani. Kufunga mlango kwa mpira, kwake, ulikuwa ufundi mkubwa.

Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa pampu ya esansi, yaani petroli. Ilikuwa imechakaa, na ikipata joto haikuvuta tena. Gari lilikohoa, likasimama, na likikaa hadi injini ipoe liliwaka kama vile halikuwa na neno. Sylvestre alikuwa na dawa ya hilo pia. Chini ya kiti alificha kipande cha blanketi la kijivu. Kwenye kilima chochote kirefu alisimama, akakilowesha kile kitambaa, akaifunika pampu, kisha akawasha sigara na kutazama milima kama mtalii. Wakipita watu, aliwaambia anapumzisha motere, yaani injini. Marcelline aliyaona hayo miaka mingi, kwa maana yeye ndiye aliyechota maji ya kulowesha kile kitambaa.

Marcelline aliuza maharage. Aliyanunua Kpandroma, kule juu kwenye baridi, akayauza Bunia, na mara nyingi magunia yake aliyapakia kwenye malori ya watu wengine, kwa kuwa kamioneti ya nyumbani kwake ilipenda kupumzika. Mke wa Patron akalipa nauli. Wanawake wenzake sokoni walimcheka, naye alicheka pamoja nao, maana angefanya nini.

Siku moja alimwita fundi Mumbere, Munande wa Butembo aliyekuwa na garaje upande wa barabara kubwa, aje atazame gari. Mumbere alifunua boneti, akaifunga bila kugusa kitu.

"Mama, pompe imekufa, tangi imeoza, na hizi breki zitawaua," alisema. "Ukitengeneza hii, ni kutupa pesa. Muuzishe chuma, mutafute ingine."

Marcelline alikuwa na akiba ya maharage. Alimwambia mumewe jioni ile, kwa upole, kwamba anaweza kuongeza fedha zake wakapata kamioneti nyingine, hata kama si mpya, moja ya zile zilizokuwa zikitoka upande wa Uganda. Sylvestre aliweka kijiko chini.

"Ile Munande anatafuta kula pesa yako," alisema. "Hii gari iko na nguvu kuliko yeye."

"Basi tununue hata pompe tu, Baba Eugène."

"Pompe haiko mugonjwa. Inasikia joto tu, kama weye na miye."

Sababu yenyewe hakuisema, lakini ilikuwa wazi kama mchana. Kamioneti ikinunuliwa kwa maharage, Ngezi nzima ingeiita gari ya Marcelline. Hata pampu moja mpya ndani ya injini ingekuwa ya Marcelline, na Sylvestre angeisikia ikimdharau kila akikanyaga gesi. Afadhali aendelee na kitambaa chake.

Mambo yakabaki hivyo mpaka baba yake Marcelline alipougua. Muzee Philippe aliishi kwake karibu na Mahagi, na alipoanza kukojoa damu wadogo zake walitaka abaki kitandani pake, afie mahali alipozaliwa. Marcelline alikwenda kumchukua, akagombana nao, akampakia kwenye lori la kabichi, akamleta hospitali Bunia. Alimwogesha kwa mikono yake, akamlisha uji, akalala chini ya kitanda chake kwa wiki kadhaa. Mzee alifariki hata hivyo, amemshika mkono. Hilo ndilo lililomfariji Marcelline, kwamba baba yake hakuondoka peke yake.

Maiti ilitakiwa kurudi Mahagi. Ndugu walishuka kuifuata, na mbele yao alikuwa Laurent, mdogo wa marehemu, katekista wa zamani. Laurent alikuwa mtu wa rozari shingoni na chupa ya pombe ya kienyeji mfukoni, na hakuona kwamba hivyo viwili viligombana. Marcelline alitaka kukodi lori. Sylvestre alikataa kata kata. Mkwe hamwachi baba wa mkewe abebwe na gari la watu, alisema mbele ya wote, na wote walimsifu. Kwa shuka nyeupe na matawi ya mitende ile kamioneti ilipendeza, maana kutu haikuonekana.

Walipita Djugu wakiimba. Katika kilima kirefu cha kuingia Kpandroma gari likakohoa, likakohoa tena, likasimama. Sylvestre alishuka. Marcelline, aliyekaa nyuma kando ya jeneza, alingoja asikie mlango wa mbele ukifunguliwa na mkono ukipapasa chini ya kiti. Hakusikia. Sylvestre alikuwa amevaa suti, amezungukwa na bokilo zake, yaani wakwe aliowatambia toka asubuhi, na hakutaka waone Patron akiivisha injini kipande cha blanketi. Akajaribu kuwasha, ikagoma. Akarudi nyuma hatua chache, akavua kofia.

Kwa wale watu, gari linalobeba maiti likisimama lenyewe njiani, jambo hilo lina maana moja tu. Marehemu anakataa. Ana neno moyoni na mtu fulani, na mpaka mtu huyo aombe msamaha, gari haliendi hata likisukumwa na kijiji kizima. Laurent hakuhitaji kuambiwa. Alikwisha kushuka, amekata tawi la majani, analipiga jeneza polepole huku anamimina pombe chini.

"Kaka Philippe," alisema, "tunakusikia. Utuonyeshe ni nani alikufanyia mubaya."

Kisha shangazi mmoja, mwenye ulimi uliochongoka, akasema kutoka nyuma, "Ni nani alimutosha kwake muzee? Siye tulikatala."

Macho yote yakamgeukia Marcelline. Kosa lake likawa lile jema alilolitenda, kumtoa mzee kwake na kumpeleka hospitali. Laurent akamwambia apige magoti hapo barabarani, aombe.

Marcelline alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, ili asije akasema baadaye kwamba hakuona. Neno moja tu lilihitajika, pampu, hata si neno refu. Sylvestre alikuwa anachunguza ukanda wa ndani wa kofia yake. Angeweza Marcelline kulisema mwenyewe, lakini nani angemsikia, mwanamke anayebishana mbele ya jeneza la baba yake? Na lipo jambo jingine, ambalo lilimuuma zaidi alipolikumbuka siku za mbele: alimwonea haya mumewe. Hakutaka ndugu zake wajue kwamba ameolewa na mtu wa namna ile. Akapiga magoti kwenye changarawe, katika kanga ya msiba.

"Baba, unisamehe," alisema. "Nilikutosha kwako."

Laurent alisali Baba Yetu, akafuatisha maneno mengine ambayo Baba Mtakatifu asingeyafahamu, wakaimba wimbo mzima na viitikio vyake. Upepo wa kule juu ni baridi. Pampu ikapoa. Sylvestre alipoambiwa ajaribu tena, injini iliwaka mara moja, na wanawake wakalia kwa woga na furaha. Marehemu amekubali, walisema. Sylvestre naye aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeshuhudia ajabu.

Mahagi habari ilitangulia jeneza. Marcelline hakupewa nafasi kando ya kaburi. Alisimama nyuma, pamoja na watu waliokuja kwa ajili ya chakula, akasikia udongo ukimwangukia baba yake bila kumwona. Jikoni kwa marehemu mama yake wanawake walimpokonya sufuria kwa adabu, wakamwambia apumzike. Hata watoto walimwangalia kwa pembeni. Alikuwa yule ambaye baba yake alimkataa njiani, na jina hilo, watu wale wasingelisahau upesi.

Waliporudi Bunia alisubiri siku za maombolezo ya nyumbani ziishe, kisha akamwambia Sylvestre maneno machache.

"Uende umuambie baba mudogo Laurent ilikuwa pompe."

Sylvestre alimtazama kana kwamba amemwomba atembee uchi sokoni.

"Unataka baseme bokilo yao alimubeba muzee na gari ya kufa?"

"Sasa banasema baba yangu alinikatala. Hiyo ni muzuri?"

"Lakini Marcelline, nani anajua?" alisema Sylvestre, na hapo alijishinda mwenyewe kwa ubaya. "Labda alikatala kweli. Unaona vile motere iliwaka kisha maombi. Hii gari haiko na kitu. Mumbere alitudanganya."

Alisema hivyo akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, anakula maharage ya Marcelline. Na kwa kuwa uongo ukimfaa mtu huota mizizi, baada ya mwezi aliuamini. Alikuwa akienda kunywa kwa Emérance, kwenye kilabu cha jirani, na huko alisimulia safari ile kwa kutia chumvi, sauti ikishuka mahali pa kutisha. Gari lake, alisema, lilimsikia marehemu. Kulibadilisha gari kama hilo ingekuwa dhambi, hata kulitengeneza hakuna haja. Wanywaji walimpa bia. Kesho yake sokoni, mwanamke mmoja alimuuliza Marcelline, kwa huruma kabisa, kama baba yake amekwisha kumsamehe. Marcelline alimpimia maharage yake, akamwongezea kiganja. Moyoni alimdharau Sylvestre kuanzia siku ile, na wala hakujidanganya kwamba anamheshimu.

Lakini hakumtajia tena habari ya kununua gari, wala ya kutengeneza. Sylvestre alidhani ameshinda.

Wakati wa kuondoa matanga ulipokaribia, Marcelline alimtumia salamu baba mudogo Laurent, akamwomba ashuke Bunia awasindikize. Njia ni ndefu, alisema, na anaogopa isije ikatokea tena kama mara ile. Laurent, ambaye hakuna alichokipenda kuliko kuhitajiwa, alifika na rozari yake na chupa yake, pamoja na yule shangazi mwenye ulimi. Sylvestre aliposikia kwamba mkewe anataka wasafiri kwa kamioneti ya nyumbani na si kwa lori, kifua kilimjaa. Aliliosha gari mwenyewe. Hakuchungulia chini ya kiti, na kama angechungulia asingekuta kitu, kwa sababu kile kitambaa kilikuwa kwenye kapu la Marcelline, pembeni ya dumu la maji.

Walipakia chumvi, sukari na mchele wa karamu. Walipita Djugu. Kwenye kilima cha Kpandroma gari likakohoa, likakohoa tena, likasimama karibu mahali pale pale.

Laurent alishuka. Mkono wake ulikwisha kuufikia mti wa kukata tawi, kisha ukasimama hewani. Alitazama nyuma ya kamioneti. Hapakuwa na jeneza.

Marcelline alishuka taratibu, kapu mkononi.

"Baba mudogo," alisema, "leo tunabeba chumvi na sukari. Nani anakatala?"

Laurent aliushusha mkono. Sylvestre alikuwa na jibu, maana hakulikosa maishani. "Ni esansi," alisema haraka. "Banatia maji ndani. Ni kitu kidogo, itaenda tu."

Marcelline alitoa kile kipande cha blanketi, akakilowesha palepale, maji yakamtiririka kwenye viganja. Akamnyooshea mumewe.

"Weka, Baba Eugène. Kama unafanyaka kila siku kule Ngezi."

Hakukipokea. Mikono ilimning'inia tu. Basi Marcelline akaifungua boneti mwenyewe, akaifunika pampu, na mvuke ukatoka kwa sauti ambayo hata shangazi, aliyekuwa bado juu ya magunia, aliisikia. Kisha akaenda kukaa kwenye changarawe, mahali alipopigia magoti, akanyoosha miguu kama mtu aliye kwake. Hakuna aliyeimba. Upepo ulivuma, wakasubiri, na Sylvestre safari hii hakuwasha sigara wala hakutazama milima.

Marcelline ndiye aliyeinuka kwanza. Aliweka mkono juu ya pampu, akamwambia mumewe awashe. Injini ikawaka mara moja, vile vile kama siku ya msiba.

Laurent alisimama akiisikiliza. Alikuwa na hesabu yake ya kupiga, maskini. Ama akiri kwamba alimwaga pombe na Baba Yetu mzima kwa ajili ya pampu, ama ampate wa kumbebesha. Hakuchelewa kuchagua.

"Siku ile, huyu alijua?" alimuuliza Marcelline.

"Alijua."

"Na weye?"

"Miye pia nilijua. Nilingoja aseme."

Laurent alimgeukia Sylvestre. Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Sylvestre kuliko makelele. "Uliacha mutoto yetu apige magoti," alisema. "Uliacha kaka yangu aitwe mutu wa kinyongo, na alikufa na roho safi. Shuka. Piga magoti."

"Nimuombe nani, baba? Muzee hayuko hapa."

"Omba pompe," alisema Marcelline.

Shangazi alicheka kwanza, kisha Laurent akashindwa kujizuia, na Patron wa Ngezi akapiga magoti kwenye changarawe, suruali yake ya sikukuu ikakunjamana, mbele ya boneti iliyo wazi. Alisema neno fulani ambalo halikusikika kwa sababu ya injini. Hakuna aliyemwomba alirudie.

Mahagi, mbele ya watu wote waliokuja kula, Laurent alitangaza kwamba kaka yake hakukataa kitu, kwamba aliyemleta hospitali alimfanyia jema, na kwamba aliyedanganya ametozwa faini. Alilitangaza kwa sauti ya mtu aliyegundua mwenyewe. Marcelline alikaa kando ya kaburi, peke yake kwanza, halafu wanawake wakaja mmoja mmoja wakakaa naye. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kilio alichonyimwa tangu siku ya mazishi. Sufuria walimwachia.

Faini ilikuwa kamioneti. Wazee hawakuulizana kama ni mgonjwa au la, wala kama inafaa kutengenezwa. Waliisukuma hadi nyuma ya nyumba ya Laurent, mahali tambarare, na kwa kuwa hapakuwa na mteremko haikutoka tena. Kuku walianza kutaga ndani yake kabla ya mvua za mwaka ule. Sylvestre alirudi Bunia juu ya lori la maharage, amejifunika turubai, na Marcelline mbele pamoja na dereva, kwa kuwa maharage yalikuwa yake.

Kwa Emérance alisimulia kwamba gari lake amewapa bokilo zake kama heshima. Watu walimsikiliza, wakanywa, wakaangaliana. Habari ya changarawe ilikuwa imemtangulia, na tangu hapo akipita njiani wapo waliomwamkia kwa kumtakia pampu njema.

Mwaka uliofuata kamioneti nyingine ilifika Ngezi, ya kijani, imetoka upande wa Uganda, ina kovu bavuni lakini betri yake ni hai. Ilisimama uani, kwenye tambarare, maana Marcelline alisawazisha ardhi kwanza. Mtaa mzima uliiita gari ya Marcelline, kama Sylvestre alivyoogopa. Alilizunguka siku kadhaa, akagonga mabati kwa kidole, akasema magari ya siku hizi hayana chuma. Mwishowe uzalendo ukamshinda. Asubuhi moja, mkewe akiwa anapakia magunia, alinyoosha mkono akaomba ufunguo. Dereva mzuri kama yeye, alisema, hawezi kukaa bure wakati gari lipo.

Marcelline hakuacha kufunga kamba ya gunia.

"Enda Mahagi kwanza," alisema. "Umuulize baba yangu kama anakubali."